Sikio la Bibi Linakatwa Mara ya Pili

Simulizi la Kisukuma la zimwi Shing'weng'we likiishia pale tumbo linapopasuliwa, limeharibika, hata msimuliaji awe na sauti tamu kiasi gani. Sehemu ya mwanzo husimuliwa vizuri: mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi zimwi lilipowameza watu wote, mtoto wake anayerudi na panzi, kisha ndege, kisha swala, kila mara akiuliza kama ndiye zimwi. Hapo sina la kulaumu. Lawama inaanzia mwishoni, pale kisa kinapofupishwa kwa ajili ya watoto: mtoto huyo, Masala Kulangwa, anamwua zimwi, anampasua, baba anatoka, ndugu wanatoka, ng'ombe wanatoka, vigelegele, kwisha. Bibi kizee aliyekatwa sikio na kisu cha kumpasulia zimwi anafutwa kabisa, yeye na hasira zake na dawa aliyotafutiwa.

Tukitazame kitendo chenyewe kwa karibu. Masala yuko nje na watu wako ndani, kwa hiyo haoni anachokikata. Nyuma ya ngozi ya zimwi wamebanana watu wa dunia nzima. Kisu kinapenya, kinamkuta bibi, kinaondoka na sikio lake. Bibi hatoki akishangilia. Anatoka akivuja damu, na anataka kumroga huyo huyo aliyemwokoa. Fundi wa kusimulia hushusha sauti hapa, kwa sababu kisa kimegeuka. Mpaka sasa adui alikuwa mmoja, mkubwa, mla watu, na hakuna aliyemwonea huruma. Sasa aliyeumia ni mwenzetu na aliyemuumiza ni shujaa wetu. Kijana aliyemuua Shing'weng'we asingeshindwa na kikongwe mmoja, lakini hamgusi kwa ubaya: anatafuta dawa, anamponya, ndipo watu wanamsimika mtemi. Masala kwa Kisukuma ni akili. Msimuliaji akimwondoa bibi, anabaki na kijana mwenye nguvu ambaye jina lake halina kazi, na utemi unakuwa zawadi ya kuua. Katika kisa kamili ulikuja baada ya kuponya.

Wanaofupisha wana hoja, na iliyo nzito ni hii: katika ukanda wetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, pengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Kwa nini basi mtoto wa hapa kwetu Buseresere asimuliwe bibi anayetaka kuroga? Nawaheshimu wenye hofu hiyo, ila wameisoma hadithi kinyume. Mtoto huyo atasikia habari za vikongwe na uchawi sokoni, kisimani, hata kwenye mashimo ya dhahabu, na huko hakuna anayemweleza bibi alikosewa nini. Hadithi hii inaeleza. Hasira ya bibi ina chanzo, chanzo ni kisu, na mwenye kisu ndiye anayewajibika. Ni simulizi gani lingine la kijiweni ambalo kikongwe anayetajwa kwa uchawi anamaliza akiwa mzima, katikati ya watu wake? Ukilificha hili, umeyaachia yale mengine uwanja mzima.

Nadhani kilichotuponza ni kuiga mazimwi ya watu, na safu hii haitachoka kulisema. Jitu la Norway, lile la chini ya daraja katika hadithi walizokusanya Asbjørnsen na Moe, likishapigwa na beberu mkubwa, naye anakwenda malishoni na kisa kimekwisha. Majitu ya kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937 yanapigwa na jua, yanakuwa mawe. Huko kifo cha jitu kinatosha kuwa mwisho, kwa kuwa tumboni hamna kijiji kinachosubiri kutolewa. Zimwi letu limebeba watu, na kuwatoa ni kazi nyingine yenye hatari yake. Wachimbaji wanalielewa hili bila kuelezwa: katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, watu 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na anayefukua kifusi anajua kwamba sururu haina macho.

Wa zamani walilijua pia. Basotho wanaye Senkatana, aliyemuua zimwi Kholumolumo na kuwatoa watu wote tumboni mwake, kisha akauawa na hao hao aliowaokoa. Hawakuuficha mwisho huo mchungu. Hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoichapa Edward Steere mwaka 1870, nayo haifichi kosa la mtu wa kwao: inatumia muda mrefu kumwonyesha mfalme akimtetea paka wake, mnyama baada ya mnyama, mpaka paka anakuwa nunda mla watu. Hata mapadri Healey na Sybertz, waliomfananisha Masala na Kristo katika kitabu chao cha 1996, tafsiri ninayoiona inambana mno, hawakuthubutu kulitupa sikio.

Kama usiku ni mfupi na watoto wanasinzia, pa kupunguza papo. Panzi na swala wanatosha. Ndege aachwe, na vigelegele vipungue. Kisu kikishaingia, msimuliaji anyamaze kidogo, kisha bibi atoke ameshika upande wa kichwa, na watoto waachwe waulize wenyewe kwa nini analia.