Shawa inapotekenya: stima, maji ya kisima na waya wa kijani Mtopanga

Mtopanga, kama sehemu kubwa ya Kisauni, Mombasa, inaoga maji ya aina mbili. Maji ya mfereji yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki upande wa Malindi, nayo huja kwa zamu. Zamu ikikatika, pampu ya kisima huwashwa na lile lile tangi la juu ya nyumba hujazwa maji ya chumvi. Mpangaji aliyejifunga taulo hawezi kujua leo tangi lina maji gani mpaka yamguse ulimi. Shawa ya moto iliyofungwa juu ya kichwa chake huyatambua pale pale, na namna inavyoyatambua ndiyo inayoua watu.

Nimeichagua shawa hiyo kwa sababu karibu kila hatari ya stima ya nyumbani imekusanyika ndani yake: mzigo mkubwa, maji, mtu aliye uchi na pekupeku, na waya wa ardhi ambao mara nyingi haufiki ardhini. Anayeielewa ataelewa pia ni dalili gani inayomtaka fundi usiku huu, na ni ipi inayoweza kungoja Jumatatu.

Tuanze na muundo wake. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampea 23, zaidi ya mara mbili ya birika la stima. Ndani yake mna waya uliosokotwa kama springi, uko wazi bila kifuniko, na maji hupita juu yake moja kwa moja. Kwamba maji yanagusa waya wenye stima si kosa la kiwandani. Usalama umewekwa juu ya masharti mawili: maji yenyewe yawe magumu kupitisha stima, na kile kidogo kinachovuja kishikwe na waya wa kijani kipelekwe ardhini kabla hakijatoka kwenye matundu.

Sharti la kwanza lina kipimo. Vijitabu vya shawa nyingi za aina hii husema ukinzani wa maji usiwe chini ya omu-sentimita 1,300. Chumvi huushusha. Shirika la Afya Duniani hutaja kloridi ya takriban miligramu 250 kwa lita kuwa ndipo ulimi wa watu wengi huanza kuhisi chumvi, na ukipiga hesabu, maji ya kiasi hicho yamekwisha kuvuka kikomo cha shawa. Kwa hiyo huhitaji maabara. Maji ukiyaonja ukasema haya yana chumvi, hayafai shawa ya waya ulio wazi. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo waya wake umefungiwa ndani ya mrija wa chuma. Zinauzwa humu Kenya, kwa bei ya juu kidogo. Mwenye nyumba anayetegemea kisima hata kwa siku chache za mwezi anapaswa kununua hizo tu.

Sharti la pili ndilo linalovunjwa zaidi. Waya wa kijani, au wa kijani na manjano, unatakiwa utoke kwenye shawa, ufike kwenye boksi kuu, kisha ushuke hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini kando ya ukuta. Ukipanda kiti ukaitazama shawa ya ploti ya kawaida, utaona nyaya mbili zimeungwa na ule wa tatu umekunjwa nyuma, ncha yake imezungushiwa tepu nyeusi. Fundi aliona shawa inachemsha maji bila huo, akaona kazi imekwisha.

Hata pale ulipoungwa, kuna hesabu ambayo wapangaji hawaelezwi. Chukua fimbo iliyopigiliwa vizuri, yenye ukinzani wa omu 20. Laivu, yaani waya unaoleta stima, ikigusa chuma cha kifaa, zitakazoteremka ardhini ni volti 240 kwa omu 20, yaani ampea 12. Breka ya ampea 32 inaziona hizo 12 kama mtu anayepiga pasi, na haikati. Sasa chukua fimbo iliyokwama kwenye jiwe la matumbawe ikakatwa fupi, au iliyo kwenye mchanga mkavu wa kiangazi, yenye omu 100. Zitapita ampea 2.4. Breka haitastuka, na mita itaendelea kula tokeni kwa kiasi cha zaidi ya nusu kilowati-saa kila saa, mchana na usiku. Mwili wa binadamu huhisi stima kuanzia karibu miliampea 1. Kwenye miliampea kama 10 misuli hukaza na mkono hukataa kuachia. Ikifika 30 na kuendelea, moyo uko hatarini. Breka imewekwa kulinda nyaya zisiungue, na mtu aliyeshika mfereji hayumo katika hesabu yake.

Kinachomhesabu mtu ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hulinganisha stima inayokwenda kwa laivu na inayorudi kwa nyutro. Ikipotea miliampea 30 njiani, hukata chini ya theluthi ya sekunde. Kina kitufe chenye herufi T, na huo ndio mtihani wake: bonyeza mara moja kwa mwezi, stima ikatike. Isipokatika, kimekufa, hata kama taa zinawaka vizuri.

Na sasa tuone jinsi hatari inavyojengwa hatua kwa hatua, na watu wasio na nia mbaya. Nyumba inapokamilika, RCD imo. Shawa inafungwa. Wiki ya maji ya Baricho hakuna tatizo. Wiki ya kisima, kila anayeoga anakatiwa stima, friji za majirani zinazima, watu wananung'unika. Fundi wa mtaani anaitwa. Anakipima kifaa kwa macho, anasema kimeharibika, anakiruka kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja. Stima haikatiki tena na kila mtu anashukuru. Kifaa kilikuwa kizima; kilikuwa kinasema kweli kuhusu yale maji. Baada ya hapo uvujaji ule ule hauna pa kujionyesha ila kwenye ngozi ya mtu. Na kwa kuwa hupungua mfereji unaporudi, atakayekuja kukagua siku ya maji matamu ataondoka akisema hakuna kitu. Mwite siku tangi limejaa maji ya kisima.

Hii ndiyo sababu nasema bila kusitasita: shawa au mfereji ukikutekenya, hata kidogo, hata mara moja, hiyo ni dharura. Watu wengi huhadithiana mtekenyo huo kama tabia ya nyumba, wengine huvaa ndara za mpira kuoga na kuona wamejikinga. Tofauti kati ya kutekenywa na kuuawa ni unyevu wa sakafu, uzima wa ndara na mahali pa kushikia. Toka bafuni bila kugusa chuma wala kuufunga mfereji. Usizime kwa swichi ya ukutani kwa mkono uliolowa. Nenda kwenye swichi kuu ukazime nyumba nzima. Kisha waonye wa vyumba vingine, kwa maana bomba linalotekenya chumba namba tatu huenda ndilo hilo hilo linalofika namba saba. Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike: zima kwanza, na ikishindikana msukume kwa kitu kikavu kisicho chuma, ufagio wa mti au kiti cha plastiki, ukiwa umesimama pakavu.

Hatari ya aina ya pili haina mtekenyo. Ni joto, na Pwani ina bahati mbaya nayo. Fungua kifuniko cha swichi ya shawa iliyokaa miaka michache karibu na bahari, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu. Ncha za shaba zimeota kutu ya kijani. Skrubu moja ukiigusa inazunguka bila kukaza. Plastiki iliyo pembeni yake, iliyokuwa nyeupe, imegeuka rangi ya chai ya rangi, na ganda la waya limekuwa gumu, linavunjika likikunjwa. Hewa ya chumvi na joto la kuwashwa na kuzimwa kila siku vimekilegeza kiungo. Ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu mahali hapo, ukipitisha ampea 23, huzalisha zaidi ya wati 50 za joto kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Jiko lolote dogo la stima hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Breka haioni hilo pia, kwa sababu ampea hazijazidi. Pua ndiyo inayoona kwanza. Plastiki nyingi za soketi na swichi zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana na samaki. Katika mtaa ambao samaki wa kukaanga huuzwa jioni kando ya njia, nani atashtuka? Basi iwe kanuni: harufu ya samaki ndani ya chumba ambacho hakijapikwa samaki, ifuate hadi ukutani. Weka kiganja karibu na kila soketi inayofanya kazi. Vuguvugu kidogo kwenye plagi ya birika si ajabu. Moto wa kukufanya uondoe mkono ni dharura. Vivyo hivyo mlio wa kukaanga nyuma ya swichi, soketi yenye doa jeusi, na taa inayopepesa kila friji inapoanza.

Jinsi kiungo kimoja kinavyoweza kufika mbali, dunia iliona London tarehe 14 Juni 2017, katika jengo la Grenfell. Moto uliokuja kuua watu 72 ulianzia kwenye friji ya nyumba moja, na mtaalamu wa umeme aliyetoa ushahidi katika uchunguzi alielekeza kwenye kiungo cha waya kilichobanwa vibaya. Kusambaa kwake kulitokana na mambo mengine ya jengo, lakini mwanzo ulikuwa mdogo hivyo.

Hatari ya tatu hutoka nje ya nyumba. Taa zako zikianza kuwaka kupita kiasi ghafla, feni ikikimbia kwa kasi isiyo yake, huku jirani analalamika kwamba zake zimefifia, nyutro ya laini imekatika mahali fulani. Stima ya barabarani husafiri kwa fezi tatu, na kati ya fezi na fezi mna volti 415. Nyutro ikiwa haipo, nyumba zinagawana volti hizo bila usawa, na yenye mzigo mdogo hupata nyingi. Friji na televisheni hufa kwa dakika, na vyuma vya vifaa vinaweza kuwa na stima. Hapa fundi wako hana kazi, na asipande nguzo. Zima swichi kuu, piga simu Kenya Power kwa namba 97771 au tumia *977#. Ni hivyo hivyo waya ukianguka katika mvua za Mei: ukae mbali, uwazuie watoto, usijaribu kuusogeza kwa mti.

Yanayoweza kungoja ni machache na hayana siri: balbu moja iliyokufa, soketi isiyofanya kazi ambayo ni baridi na haina doa, swichi ngumu. Breka iliyokata mara moja unaweza kuirudisha mara moja. Ikikata tena, iache chini. Kuilazimisha, au kuweka kubwa zaidi mahali pake ili isikate, ni kuhamishia moto kwenye waya ulio ndani ya ukuta.

Fundi wa dharura atafutwe kabla ya dharura. Nchini Kenya, wanaofanya kazi za stima majumbani wanatakiwa wawe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi, yenye madaraja kuanzia C-2 hadi A-1, na si utovu wa adabu kumwambia mtu, "Samahani fundi, naomba nione leseni yako." Mtazame anavyoanza. Anayejua kazi huzima, hupima kuhakikisha kweli hakuna stima, kisha hutoa mega ya volti 500 na kupima maganda ya nyaya. Akipata chini ya omu milioni moja, anaendelea kutafuta. Atapima fimbo ya ardhi na RCD, na atakuandikia alichokipata. Anayekuja na testa na tepu peke yake, akaunganisha na kuondoka baada ya dakika kumi, amerudisha taa. Uvujaji ameuacha pale pale.

Linabaki jambo la wenye nyumba, na hapa nina uchungu. Katika ploti nyingi za kukodisha swichi kuu na mita zimefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma kwa kufuli, kuzuia wapangaji kuchezea stima. Wasiwasi wao naufahamu. Lakini ushauri wa dharura niliotoa hapo juu unategemea maneno "zima swichi kuu", na saa nane za usiku mwenye ufunguo amelala Kiembeni au Mtwapa, simu imezimwa. Wapangaji wakutane wiki hii wamwendee mwenye nyumba wote pamoja, wadai funguo mbili zaidi, zikae kwa watu wawili wanaolala hapo kila siku, na kila mtu mzima wa ploti aonyeshwe swichi ipi inazima chumba gani.