Nota Nzuri Utaijua kwa Maneno Yake

Ukipewa nota mpya ya kwaya iliyoandikwa kwa kompyuta, usikimbilie kuimba. Tazama kwanza yale maneno madogo: Andante, rit., mf, D.C. al Fine. Vichwa vya nota siku hizi hupangwa vizuri na karibu kila programu, hata MuseScore inayopatikana bure. Uzembe wa mwandishi utauona kwenye maneno.

Anza juu kabisa. Neno la mwendo huandikwa kwa herufi nzito juu ya sauti ya kwanza, mara moja kwa kwaya nzima, na herufi yake ya mwanzo husimama juu ya tarakimu za mapigo. Ukiliona linaelea katikati ya kipimo, jua limeburutwa kwa kipanya likaachwa hapo.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye p na f. Katika nota za ala, alama hizi hukaa chini ya mistari mitano. Za piano hukaa kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. Kwenye kwaya, chini ni mahali pa maneno ya wimbo, kwa hiyo nguvu ya sauti huandikwa juu. Elaine Gould analieleza hili katika Behind Bars, kitabu cha 2011 ambacho waandishi makini wa nota hukitegemea. Mwandishi asiyejali huiacha f ibanane na silabi, na mwimbaji hukosa vyote viwili. Angalia pia kama f, alama ya kufifia na p inayofuata zimelala kwenye mstari mmoja. Zikipanda na kushuka kama ngazi, kazi haijamalizika.

Programu kama LilyPond, iliyoanza 1996, hukwepesha maneno yasigongane. Lakini kukwepa kuna hasara yake: mf ya tenor husukumwa juu na tao la nota hadi ikaribie mistari ya alto, na hapo hakuna anayejua ni ya nani. Neno liwe karibu na mwenyewe kuliko na jirani. Kuwa macho zaidi na nota zilizohamishwa kutoka Finale, programu iliyositishwa 2024. Katika kuhama, maneno mara nyingi hupoteza mahali pake.

D.C. al Fine imalizikie kwenye mstari wa mwisho wa kipimo, upande wa kulia. Ikianzia hapo, itaingia pambizoni.

Mimi, kwa upande wangu, humtilia shaka mtunzi anayeandika “kwa furaha” juu ya kila kiitikio. Wimbo wenyewe unafanya nini?

Kabla ya kutoa kopi za kwaya nzima, chapa moja, iweke kwenye stendi, rudi nyuma hatua mbili. Neno usiloweza kulisoma ukiwa hapo, mrudishie mwandishi alirekebishe.