Al-Inkishafi na Ghala la Hati

Msomaji wa kitabu hudhani kuwa utenzi wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, una matini moja tu. Sivyo. Nakala za mkono zahitilafiana kwa idadi na mpangilio wa beti, na William Hichens mwaka 1939, kama James de Vere Allen mwaka 1977, hakuwa na budi kuchagua. Ghala la kompyuta halina ulazima huo: huweza kuweka kila nakala peke yake, pamoja na jina la mnakili, tarehe na mahali, na kila sahihisho likaingia kama toleo jipya bila kulifuta la kwanza.

Lakini wahifadhi wasijivune mapema. Mwanafunzi wetu wa Kampala akitafuta “njia” hataiona “ndia” ya Kiamu, wala “macho” hayatamletea “mato”. Dawa si kuzisanifisha beti. Huko ni kumnyang’anya mshairi ulimi wake. Neno sanifu liandikwe kando, katika maelezo, matini ibaki ilivyo. Tena, hati nyingi za kale za herufi za Kiarabu hazipambanui e na i, wala o na u. Basi jina la aliyezisoma na kuzigeuza liwekwe pia, tujue twabishana na nani.