Waliobisha Hodi kwa Nyota wa Zamani
Hongera kwa wanaowasaka waigizaji waliosahaulika wa Hollywood, na ya kwanza impate Kevin Brownlow wa Uingereza. Sauti ilipoingia kwenye filamu, nyota wengi wa filamu bubu walitupwa kando. Brownlow aliwatafuta uzeeni, akawahoji wangali hai, akachapisha kitabu mwaka 1968. Mwaka 1980, yeye na David Gill wakawaonyesha kwenye televisheni katika vipindi 13.

James Card, mhifadhi wa filamu, naye alimkuta nyota wa filamu bubu Louise Brooks New York, mpweke, aliyewahi kuuza dukani. Akamshawishi ahamie Rochester, na huko akageuka mwandishi hodari kwelikweli. Kubisha hodi kwa mtu anayeamini hakuna anayemkumbuka kunataka moyo! Brownlow alipewa Oscar ya heshima mwaka 2010, na kwangu mimi ilichelewa mno.