Mtu wa Shingoni

Usiku mmoja wa mwaka 272 K.K., Mfalme Pyrrhus wa Epirus aliingiza jeshi lake katika mji wa Argos, Ugiriki, kupitia lango alilofunguliwa kwa siri. Lango lenyewe lilikuwa fupi. Ndovu wake wa vita walibeba minara mgongoni, nayo haikupita. Ikabidi ifunguliwe gizani, ndovu waingie, kisha ifungwe tena upande wa pili, na muda huo ukatosha kuwaamsha wenyeji. Mapigano yakahamia vichochoroni. Humo ndovu mmoja, jina lake Nikon, akahisi shingo yake tupu. Aliyempanda alikuwa ameanguka kwa majeraha. Plutarch anasimulia kwamba Nikon aligeuka, akapasua umati wa watu waliokuwa wakikimbia, akamtafuta bwana wake mpaka akamwona. Akamwinua kwa mkonga, akamlaza juu ya pembe zake mbili, kisha akaondoka kama aliyerukwa na akili, akikanyaga adui na rafiki.

Siku hiyo Pyrrhus naye aliuawa, baada ya mwanamke kumpiga kigae kutoka juu ya paa, na wasimulizi wengi huenda na kigae hicho. Mimi hubaki na yule maiti juu ya pembe. Hakuna aliyeandika jina lake. Lakini mtu anayetafutwa namna ile na mnyama wa tani kadhaa, katikati ya mikuki, alikuwa fundi, na ufundi wake unastahili kutazamwa polepole.

Upanga huvunjika, mhunzi akafua mwingine. Ndovu hafuliwi. Mimba yake huchukua miezi 22, na mtoto hulishwa miaka mingi kabla hajafaa kazi yoyote, kwa hiyo watu wa kale walimkamata msituni akiwa amekwisha kukua. Arthashastra, kitabu cha Kihindi cha utawala, kinataka akamatwe akiwa na miaka 20, na kinasema aliye bora ni wa miaka 40. Kinataja pia masomo ya vita: kusimama na kuinama kwa amri, kugeuka, kusonga mbele, kukanyaga, kupigana na ndovu wenzake, kushambulia ngome.

Namna ya kumkamata tunaijua kwa Megasthenes, mjumbe wa Kiyunani aliyefika India karibu na mwaka 300 K.K., ambaye maelezo yake yalihifadhiwa na Arrian. Wawindaji walichimba handaki kuzunguka uwanja, wakaacha daraja moja jembamba lililofunikwa udongo na majani, na ndani wakaweka majike wachache waliofugwa. Usiku ndovu wa mwituni walifuata harufu, wakaingia, daraja likaondolewa. Wakaachwa na njaa na kiu hadi wakalegea. Hapo ndovu waliofugwa waliletwa kupambana nao, na watu wakateremka kuwafunga miguu. Shingo ya mateka ilichanjwa kwa kisu na kamba ikalazwa ndani ya jeraha, ili kila akitikisa kichwa aumie. Ni ukatili, na siupaki rangi.

Lakini Arrian anaendelea, na hapo ndipo ninapomwona fundi. Walipofikishwa kijijini, ndovu walipewa matete mabichi na majani. Wengine walikataa kula kwa majonzi. Basi watu waliwazunguka, wakawaimbia kwa ngoma na matoazi, wakiwabembeleza hadi wakatulia. Mnyama ambaye kesho angetumwa kuvunja safu za askari alianza mafunzo yake kwa kubembelezwa kama mtoto mchanga.

Baada ya hapo, kazi ilikuwa mazungumzo. Mpandaji hukaa shingoni, miguu nyuma ya masikio, na sehemu kubwa ya anachotaka kusema hukisema kwa vidole vya miguu. Mkononi ana fimbo fupi yenye ncha na ndoano ya chuma, inayofanana na upembo wa kuangulia maembe. Fimbo hiyo imechongwa kwenye malango ya mawe ya Sanchi, India, yapata miaka 2,000 iliyopita, na anayeitumia leo angeitambua mara moja. Chombo kinachodumu hivyo bila kurekebishwa kilibuniwa na watu waliokuwa wametazama sana.

Wayunani waliwaita wapandaji wote "Wahindi", hata walipokuwa wakiongoza ndovu wa Carthage. Jina la taifa likawa jina la kazi. Kina Ptolemy wa Misri, walipokosa njia ya kupata ndovu wa India, walifungua vituo vya uwindaji kwenye pwani ya Bahari ya Shamu na kuwasafirisha ndovu wa Kiafrika kwa merikebu. Mwaka 217 K.K., vitani Raphia, Ptolemy wa Nne alikuwa na ndovu 73 dhidi ya 102 wa adui yake, Mfalme Antiochus. Hata huku kwetu, ndovu wanne wa mizigo waliposhushwa Msasani mwaka 1879 kwa ajili ya msafara wa Wabelgiji, waliletwa kutoka India pamoja na watu wao, maana mmoja bila mwenzake si kitu.

Kilele kichungu cha kazi hii kiko mtoni Metaurus, mwaka 207 K.K. Livy anaandika kwamba ndovu wengi wa Hasdrubal, jemadari wa Carthage, waliuawa na wapandaji wao kuliko na Warumi. Kila mpandaji alibeba patasi na nyundo. Ndovu akipagawa na kuwageukia wenzake, mtu wa shingoni aliisimamisha patasi kati ya masikio, pale kichwa kinapoungana na shingo, akagonga kwa nguvu zake zote. Alipajua mahali hapo kwa sababu ndipo alipokaa kila siku.

Aliyepita chuoni pwani yetu anamjua ndovu mwingine. Katika Mwaka wa Ndovu, Abraha, mtawala wa Yemen, alipotaka kuivunja Al-Kaaba, ndovu wake Mahmud alipiga magoti njiani. Sira ya Ibn Ishaq inaeleza kwamba mateka mmoja wa Kiarabu, Nufayl, alimshika sikio akamwambia arudi alikotoka. Wakampiga kichwani kwa chuma, wakamchoma tumboni kwa fimbo zenye ndoano; hakuinuka. Wakimwelekeza Yemen, aliinuka akakimbia. Wakimwelekeza Sham, vivyo hivyo. Wakimwelekeza Makka, alipiga magoti. Na Bibi Aisha, Mama wa Waumini, alisimulia kwamba aliwaona Makka kiongozi wa ndovu yule na mchungaji wake, vipofu na viwete, wakiwaomba watu chakula.