Vipimo Viwili

Ndugu msomaji, si mara moja wala mbili tumesoma habari za binti zetu waliokwenda Bara Arabu kutumika majumbani. Huyu kanyang'anywa pasi, yule hakulipwa mshahara. Katika mpango wa kafala, ruhusa ya kuishi ya mfanyakazi hufungamana na mwajiri wake, hata akidhulumiwa huona tabu kuondoka. Twasoma, twasikitika, na twalaani. Na kulaani dhulma ni wajibu.

Lakini hebu tutazame na majumbani mwetu. Yumo binti aliyeletwa kutoka shamba. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akalala baada ya kuosha sahani ya mgeni wa mwisho. Ramadhani yeye ndiye apikaye futari ya nyumba nzima, kisha fungu lake likawa ukoko. Siku ya kupumzika haijui.

Ukiuliza, utajibiwa: "Huyu ni kama mtoto wetu." Vyema! Ikiwa ni mtoto, mbona wenziwe wako chuoni naye yuko jikoni? Na ikiwa ni mtumishi, u wapi ujira wake wa haki? Twamwita mtoto ili tusimlipe, kisha twamfanya mtumishi ili asile nasi sinia moja.

Wako wasemao kuwa haki hizi ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, wataka mtumishi wa nyumbani apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na karatasi zake za safari akae nazo mwenyewe. Lakini hata Kuwait, mwaka 2015, ilitunga sheria ya kumpa siku ya mapumziko. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 na ya Kenya ya mwaka 2007 pia zataka mfanyakazi apate siku moja ya mapumziko kila wiki.

Na kabla ya hao wote, Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuamrisha kuwa watumishi ni ndugu zetu; tuwalishe tulacho, tuwavishe tuvaacho, wala tusiwatwike wasiloliweza. Tena akahimiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi tutasemaje mbele ya Mola wetu, ikiwa sheria za watu zatukumbusha tuliyofundishwa tangu karne kumi na nne?

Sura ya Al-Mutaffifin yawaonya wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wenzao hupunja. Tusidhani yawahusu wenye maduka peke yao. Kumtakia binti yetu aliye Riyadh haki kamili, na binti wa mwenzetu aliye jikoni petu tukampunja, nako ni kupunja kipimo. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Basi, msomaji, mwezi huu usiishe ila umemlipa. Na Ijumaa ijayo mpe nafasi yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie insafu. Amin.