Ufundi wa Kuondoa

Kompyuta ya nyumbani ikishakaa miaka mitatu minne, huanza kuchelewa kuamka. Unabonyeza kitufe cha kuwashia, unakwenda kuinjika chai, unarudi, na kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Wa nyumbani husema mashine imezeeka. Mara nyingi haijazeeka. Kila inapowashwa inatekeleza amri za programu ambazo hakuna tena anayezihitaji, na nyingine zilishafutwa, zikaacha amri zao nyuma. Kuziondoa amri hizo moja moja, kwa kujua, bila kuharibu kingine chochote, ni ufundi kamili. Naandika kuusifu kwa sababu hausifiwi: akishamaliza kazi, anayeufanya hana kitu cha kukuonyesha ila kompyuta inayofunguka mapema.

Amri hizo zina historia yake. Enzi za MS-DOS, sehemu kubwa ya mambo ya kuanzia iliandikwa kwenye faili la maandishi lililoitwa AUTOEXEC.BAT. Mwenye kompyuta aliweza kulifungua, akalisoma mstari kwa mstari, akafuta asichokitaka. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 ilikuja na folda ya Startup ndani ya menyu ya Start, na chini kabisa, ndani ya rejista, yaani ghala la mipangilio ya mfumo, kulikuwa na orodha iitwayo Run ambayo mtumiaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kuigusa. Leo sehemu za kujiandikishia ni nyingi: huduma za mfumo, kazi zilizopangiwa saa, draiva za vifaa, viongezi vya kivinjari. Kila mtengenezaji aliona ni faida bidhaa yake iwe macho kabla mteja hajaiita. Wa printa akajiandikisha, wa muziki akajiandikisha, wa simu naye akaweka yake, ingawa simu yenyewe huchomekwa kwenye kompyuta kwa nadra. Bandu bandu huisha gogo. Kila programu inachukua kumbukumbu kidogo, na diski ya kuzunguka inahangaika kuzitafuta zote kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kompyuta nyingi za nyumbani, Dar es Salaam kama Nairobi, zilitumika kwanza ofisini Ulaya au kwingineko kabla ya kufika dukani. Nyingi zina RAM ya GB 4 na diski ya zamani, na baadhi bado zina programu za mwenye nazo wa kwanza, zinazoamka kila asubuhi kutafuta seva ya ofisi ambayo hazitaiona tena. Isitoshe, intaneti ya wengi wetu ni ya bando. Programu inayojisasisha yenyewe kila kompyuta inapowashwa, bila kuombwa, inakula bando lililonunuliwa ili mtoto afanye kazi za shule.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 humo ndimo ilimo orodha ya programu zinazoanza na mfumo. Katika kompyuta nyingi utakuta kitu kinachoitwa Program, basi. Hakina nembo wala jina la mtengenezaji. Watu hukitilia shaka, na wapo wanaoapa kwamba ni virusi. Fundi anabofya kulia juu ya vichwa vya safu, anachagua safu ya Command line, na anwani ya faili inajitokeza: inaanza na C:\Program Files. Kumbe programu ilishaondolewa na folda yake haipo, lakini mstari wake umebaki kwenye rejista, tena uliandikwa bila alama za kunukuu. Windows inapousoma inakwamia kwenye nafasi iliyo kati ya Program na Files, na kwa kuwa faili lenyewe halipo la kuthibitisha njia nzima, inaambulia neno la kwanza tu. Kilichoitia hofu nyumba nzima ni nusu ya anwani ya kitu kisichokuwepo. Hofu hiyo inakwisha kwa kusoma, wala haihitaji kununua dawa ya virusi.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi ya Task Manager, chombo chao ni Autoruns. Kilitungwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, waanzilishi wa Sysinternals. Microsoft iliinunua kampuni yao mwaka 2006, na hadi leo chombo hicho kinatolewa bure. Kinakusanya kwenye dirisha moja sehemu chungu nzima ambamo programu huweza kujiandikisha. Mstari ambao faili lake halipo hupakwa rangi ya njano. Ule ambao mtengenezaji wake hakuweka saini inayothibitika hupakwa waridi. Kando ya kila mstari kuna kisanduku chenye tiki. Ukiiondoa tiki, mstari haufutwi. Unawekwa pembeni, na ukiirudisha tiki, nao unarudi mahali pake. Katika kisanduku hicho kidogo ndimo ilimo adabu yote ya kazi hii. Zima kwanza. Washa kompyuta upya. Itumie siku kadhaa kama kawaida: chapisha karatasi, piga simu ya video, chomeka flashi. Kama hakuna kilichokwama, ndipo ufute.

Russinovich mwenyewe alionyesha kwa nini adabu hiyo si ya hiari. Oktoba 2005, alipokuwa akijaribu chombo chake kingine, alikuta kwenye kompyuta yake mafaili yaliyofichwa. Alifuatilia hadi akafika kwenye CD ya muziki ya Van Zant, iliyouzwa na Sony BMG. CD hiyo, ikichezwa kwenye kompyuta, ilikuwa inasakinisha programu ya kuzuia kunakili, na programu hiyo ilificha kila kitu ambacho jina lake lilianza na $sys$. Haikuwa na njia ya kawaida ya kuiondoa. Akazifuta draiva zake kwa mkono, akawasha kompyuta upya, na kifaa cha kusomea CD kikawa hakionekani tena. Sababu ni kwamba programu ile ilikuwa imejipenyeza katikati ya Windows na kifaa hicho. Mafaili yalikwisha ondoka, lakini rejista iliendelea kuiamuru Windows ipite kwao. Ilimbidi arudi kwenye rejista, ayatafute majina yao na kuyaondoa, ndipo kifaa kikarudi. Alichapisha habari hiyo tarehe 31 Oktoba, na mwezi uliofuata Sony BMG ikaanza kuziondoa CD hizo sokoni. Kwa yeyote anayeshika kazi hii, somo ni kubwa: faili ni nusu ya programu, na mstari unaolitaja ni nusu ya pili. Anayeng'oa moja akaacha nyingine hajamaliza, na pengine ameharibu.

Sasa linganisha uangalifu huo na jibu ambalo mafundi wengi wa mtaani wanalo kwa kila kompyuta nzito: kupiga Windows upya. Kuna siku ni lazima, kama mfumo umeharibika kabisa au virusi vimezama. Lakini ikifanywa kwa mazoea, mwenye mali anaumia. Inapotea programu ya hesabu za duka ambayo leseni yake haipatikani tena, zinapotea nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na pasipo uangalifu zinapotea hata picha za harusi zilizokuwa zimewekwa kwenye desktop. Zipo pia programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha kompyuta kwa kubofya mara moja. Nyingi kati ya hizo, mara zikishasakinishwa, hujiandikisha zenyewe kwenye orodha ile ile ya kuanza.

Fundi mzuri naye hana pupa ya kung'oa. Anajua kuna mistari inayostahili kubaki: ya kinga ya virusi, ya padi ya kugusa, ya sauti. Pale asipojua, anamwuliza mwenye nyumba.

"Mama, hii printa bado mnayo?"

"Ilishakufa zamani hiyo, mwanangu."

"Na hii inayopeleka mafaili mtandaoni?"

"Hiyo iache. Ndiyo inayotunza picha za marehemu baba yao."

Hapo ndipo ninapouona utukufu wa kazi hii. Autoruns inaweza kutaja kila kilichomo, lakini haiwezi kujua kipi kinahitajika. Task Manager inaweza kueleza kila programu inachelewesha kiasi gani, wala haiwezi kusema kama kuchelewa huko kuna thamani. Anayejua ni mtu wa nyumba ile, na ufundi ni kumfikishia swali kwa lugha anayoielewa, kisha kuliheshimu jibu lake. Ndiyo maana sikubali kwamba kazi hii itakwisha siku programu zitakapokuwa na akili zaidi. Uamuzi wa nini kianze ndani ya mashine ya mtu ni wa mtu mwenyewe.

Ufundi huu haufanyi miujiza. Diski iliyochoka itabaki imechoka, na kuibadilisha kwa SSD kutaleta kasi ambayo kusafisha orodha peke yake hakuwezi kuileta. Lakini hata SSD haimzuii mgeni asiyealikwa kula bando lako, wala haikufundishi kilichomo ndani ya kompyuta yako. Kuisoma orodha hiyo kunakufundisha.

Basi, msomaji, ifungue orodha hiyo wiki hii. Isome yote. Usilolijua lizime kabla ya kulifuta, na linalokutia shaka muulize anayejua. Na ukimpelekea fundi kompyuta yako, akakurudishia inafunguka upesi huku mafaili, programu na mipangilio yako yote ikiwa mahali pake, usimpunje eti kwa sababu aliondoa tiki tu. Mlipe sawa na aliyepiga Windows. Amefanya kazi kubwa zaidi.